Saa ya Kuingia Barabarani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mazoezi ya Baiskeli Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Kisumu jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa 12:20 asubuhi. Katikati ya Februari huchelewa hadi saa 12:50 hivi. Nakuru iko mashariki zaidi, kwa hiyo hutangulia kwa dakika tano tu. Mwanga wa kutosha kuona shimo barabarani hutangulia jua kwa dakika ishirini, na jioni giza hushuka kwa haraka hiyo hiyo. Naanza na jambo hili kwa sababu mashauri mengi kuhusu saa za mazoezi yametoka nchi ambako Juni kunapambazuka saa kumi alfajiri na Desemba watu wanafika kazini bado giza. Wanaoishi huko hujadili mwili tu: asubuhi misuli imekaza, jioni imelegea. Ni kweli, na tutayafikia. Lakini kwa mtu anayepanda mlima wa Riat nje ya Kisumu au anayetoka Nakuru kwenda Njoro, mwili ni jambo la tano. Kabla yake kuna mwanga, ziwa, mvua na magari.

Ukiuliza "ni saa gani bora?" hutapata jibu la kukufaa. Uliza zoezi la leo linahitaji nini, kisha ulipe saa yake. Mbio ndefu ya Jumamosi na vipande vya kasi vya Jumatano (kukanyaga kwa nguvu dakika chache, kupumzika, kisha kurudia) ni kazi mbili tofauti, na katika nchi yetu hazipendi saa moja.

Hatua ya kwanza: andika saa ulizo nazo kweli

Chukua karatasi, uandike siku saba. Kwa kila siku weka saa unayolazimika kuwa kazini, shuleni au shambani, saa unayofika nyumbani, na saa unayolala kweli, hata kama ungependa kulala mapema zaidi. Ondoa nusu saa ya kujiandaa na nusu saa ya kuoga na kula. Kinachobaki ndicho ulicho nacho.

Usingizi uhesabiwe hapa hapa. Mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa. Ukitaka kuamka saa 11 alfajiri, taa izimwe saa 3 usiku, au saa 4 kwa kuchelewa kabisa. Kama nyumba yako ina watoto wa kusaidiwa kazi za shule, au unafunga duka saa 3, basi alfajiri ya kila siku haitakufaa, na hakuna aibu katika hilo. Anayekata saa mbili za usingizi ili apate saa mbili za baiskeli huchoka wiki ya kwanza, huanza kuumwa koo wiki ya tatu, na kufikia wiki ya tano baiskeli inaegemea ukutani. Mazoezi hujenga mwili ukiwa umelala.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, wauguzi na walinzi wa usiku, shauri langu ni moja na sina mchezo nalo: usiingie barabara kuu moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Macho yanaona, akili inachelewa. Nenda nyumbani ulale, halafu utoke saa 10 jioni.

Hatua ya pili: jua mwili unafanya nini kwa saa zake

Joto la ndani ya mwili hupanda na kushuka kila siku. Huwa chini kabisa saa chache kabla ya kuamka, kama saa 10 au 11 alfajiri, na hufika kilele chake alasiri hadi jioni, kati ya saa 10 na saa 1 kwa watu wengi. Tofauti yake haifiki nyuzi moja au huzidi hapo kidogo tu, lakini misuli yenye joto hujikunja kwa nguvu zaidi, na viungo huteleza vizuri. Ndiyo sababu mtu anapopimwa nguvu za ghafla, kama mbio fupi za kumalizia au kupanda mlima kwa dakika moja, kwa kawaida hufanya vizuri zaidi jioni kuliko alfajiri.

Kwa safari ndefu ya mwendo wa wastani, tofauti hiyo ni ndogo sana. Na hata kwenye kasi, kuna mambo mawili yanayoipunguza. La kwanza ni kupasha mwili joto kwa muda mrefu zaidi: asubuhi dakika 20 hadi 25, ukianza na gia nyepesi na kumalizia na mikurupuko mitatu minne ya sekunde kumi, jioni dakika 10 hadi 15 zinatosha. La pili ni mazoea. Mwili unaofanyishwa kazi ngumu saa ile ile kwa wiki kadhaa hujifunza kuwa tayari saa hiyo. Wanariadha wa Iten huanza kukimbia saa 12 asubuhi, na hakuna atakayesema miguu yao haijui alfajiri.

Hatua ya tatu: soma ziwa

Hapa ndipo wapanda baiskeli wa Kisumu wanapopoteza au kupata mengi, na ni jambo ambalo hutalifundishwa na kocha wa mbali.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa baridi hutiririka kutoka milima ya Nandi na nyanda za juu kuelekea Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kwa hiyo alfajiri upepo ni mwepesi na unatoka upande wa nchi kavu. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na mambo hugeuka: kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani, magharibi na kusini-magharibi, na hukaza kadiri alasiri inavyosonga. Anayeujua upepo huu hapangi njia kwa mazoea.

Ukitoka jioni, anza kwa kwenda upande wa magharibi, Kisian na barabara ya Bondo. Utakanyaga dhidi ya upepo ukiwa na nguvu, kisha utarudi na upepo wa mgongoni ukiwa umechoka na giza linakaribia. Anayefanya kinyume, akashuka Ahero kwa raha saa 10, hukuta njia ya kurudi ni ukuta. Mwendo wa dakika arobaini unakuwa saa nzima.

Sasa ongeza jua. Barabara ya Kisumu kwenda Ahero inaelekea mashariki. Ukiipanda saa 1 asubuhi, jua liko usoni pako, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba liko pia usoni pa dereva aliye nyuma yako, mwenye kioo chenye vumbi, na wewe ni kivuli cheusi ndani ya mng'ao. Ukirudi mjini saa 11 jioni hali ni hiyo hiyo, jua likiwa limehamia magharibi. Kwa hiyo barabara hiyo ina makosa mawili kwa mtu anayetoka asubuhi na kwa mtu anayerudi jioni. Mimi ningeiweka Jumapili asubuhi tu, magari yakiwa machache. Siku za kazi asubuhi, elekea Kisian na Maseno: jua liko mgongoni unapokwenda, na unapogeuka saa 3 limeshapanda juu ya usawa wa macho. Barabara ya Kakamega, ile ya Mamboleo, Riat na Kiboswa, inaelekea kaskazini, jua liko ubavuni asubuhi na jioni. Kwa upande wa mng'ao ndiyo salama kuliko zote.

Riat yenyewe ina somo lake. Sehemu kubwa ya nguvu unazotoa kwenye baiskeli, kama robo tatu au zaidi, hugeuka joto badala ya mwendo. Kwenye tambarare ya Kano, ukienda kilomita 30 kwa saa, unajitengenezea upepo wako mwenyewe na jasho linakauka. Ukipanda kwa kilomita 10 kwa saa na upepo wa nyuma, hewa inasimama, jasho linadondoka bila kukauka, na mapigo ya moyo yanapanda ingawa nguvu ni ile ile. Kisumu iko mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 29 hadi 31 na unyevu wa ziwa juu yake. Milima ipandwe kabla ya saa 3 asubuhi. Tambarare inaweza kusubiri.

Miezi ya joto ina mtego ambao wengi hawauoni. Januari na Februari ni kavu na kali, na ndiyo miezi ambayo jua huchelewa zaidi kuchomoza. Ukisubiri mwanga mzuri hadi saa 12:35 na ukitaka kuwa umemaliza kazi ngumu saa 3:30, una saa tatu tu. Safari ya saa nne haiwezi kuingia humo yote. Panga sehemu ngumu iwe saa mbili za mwanzo, na saa ya mwisho iwe ya kurudi polepole na chupa mbili zilizojaa.

Nakuru ni habari nyingine. Mji uko kwenye mita 1,850 hivi, alfajiri joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11, na mchana ni nyuzi 25 au 26. Joto halitakuua, baridi ya kuteremka ndiyo itakayokukaza. Anayepanda kuelekea Njoro na Mau Narok anafika juu ya mita 2,500, na akigeuka kuteremka saa 1 asubuhi akiwa amelowa jasho, vidole vinakataa kushika breki. Beba koti jepesi la upepo, au ile mbinu ya wakongwe: karatasi ya gazeti ndani ya jezi, kifuani. Kwa Nakuru, kutoka saa 1:30 au saa 2 asubuhi hakuna hasara yoyote ya joto, na ukungu wa Molo na Mau unakuwa umeinuka. Njia ya kwenda Mogotio inateremka. Ukiifuata asubuhi kumbuka kwamba kupanda kurudi nyumbani kutakuangukia saa 4 au 5, jua likiwa kali na upepo wa Bonde la Ufa umeamka pamoja na vumbi lake. Afadhali upande kwanza, uteremke baadaye.

Hatua ya nne: mvua na radi

Upepo wa ziwani unapofika kwenye kuta za Nandi, Kericho na Mau husukumwa juu, hupoa, na kufanya mawingu. Ndiyo sababu siku nyingi za mvua ndefu, Machi hadi Mei, asubuhi ni safi kabisa, saa 8 mchana mawingu yamerundikana upande wa mashariki, na kati ya saa 9 na saa 12 jioni inanyesha. Kericho na Nandi Hills hupata mvua ya mawe mara nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, na wakulima wa chai wanaijua hasara yake. Kakamega na Vihiga mvua huendelea hata Agosti na Septemba.

Kwa hiyo jioni si wakati wa kupangwa kwa mwaka mzima. Ukiwa Kisumu, mazoezi ya jioni yape miezi ya Januari, Februari, Juni na Julai, na hata hapo uangalie mawingu. Aprili na Mei, hamishia kila kitu asubuhi, hata vipande vya kasi, na uongeze muda wa kupasha mwili.

Radi isichezewe. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, umeme uko ndani ya kilomita 10 na unaweza kukufikia. Ingia ndani ya nyumba au gari. Kibanda cha mabati kisicho na kuta hakikukingi, na mti ni hatari zaidi ya kubaki wazi. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ukisharudi barabarani, kumbuka kwamba lami iliyokaa kavu kwa siku nyingi huteleza zaidi mwanzoni mwa mvua, pale mafuta na vumbi vinapochanganyika, hasa kwenye mizunguko ya mjini na mbele ya vituo vya mafuta.

Hatua ya tano: barabara ina ratiba yake

Matatu za kupeleka watu kazini hujaa kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, na tena saa 11 hadi saa 1 jioni. Watoto wa shule wako kando ya barabara kabla ya saa 1:30. Ng'ombe huvushwa kwenda malishoni saa 2 au 3, na hurudi saa 11 jioni. Malori ya miwa ya Kibos, Chemelil na Muhoroni hudondosha miwa njiani, na muwa mmoja chini ya tairi la mbele unatosha kukuvunja mfupa wa bega. Njia hizo zipitwe kukiwa na mwanga kamili tu. Siku ya soko, mikokoteni na boda boda huziba kingo za barabara tangu asubuhi. Uliza siku ya soko ya kila mji unaoupita, uiandike kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Jumapili kabla ya saa 4 asubuhi ndiyo nafasi bora ya wiki nzima katika karibu kila barabara ya magharibi. Watu wanajiandaa kwenda kanisani, malori ni machache, hewa haina moshi. Kama una safari moja tu ndefu kwa wiki, iwe hapo. Anayesali Jumapili asubuhi atumie Jumamosi, lakini aanze mapema zaidi, maana Jumamosi ina magari ya matanga na harusi.

Giza ni suala peke yake. Ukianza kabla ya mwanga, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kitambaa kinachoakisi kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva haraka kwamba huyu ni mtu wa baiskeli. Taa ya nyuma iwake hata mchana. Lakini ujue taa zako hazitakuonyesha mkokoteni wa punda usio na taa, wala baiskeli ya muuza maziwa. Kwa Kisumu kuna sababu nyingine ya kungoja mwanga: viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na hurudi majini alfajiri. Upande wa Dunga na Hippo Point, usiingie kabla hakujapambazuka kabisa. Vijidudu vya ziwani navyo huja kwa mawingu, hasa alfajiri na jioni. Miwani yenye vioo vyeupe hukuwezesha kuendelea macho wazi.

Wanawake wanaofanya mazoezi peke yao wameniambia mara nyingi kwamba saa 12 asubuhi barabara tupu huwatia hofu kuliko magari. Hofu hiyo ina msingi, iheshimiwe. Kundi la watu watatu au wanne wanaokutana mahali penye taa, kwenye kituo cha mafuta kwa mfano, hutatua mengi. La sivyo saa 1 asubuhi na mwanga wake ni bora kuliko saa 12 na ubaridi wake.

Hatua ya sita: lipe kila zoezi saa yake

Sasa unganisha karatasi. Mfano wa mtu anayeishi Kisumu na kufanya kazi saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mwezi wa Juni:

Jumanne, mwendo mwepesi wa dakika 50, atoke saa 12:25 asubuhi, arudi 1:15. Hapo hahitaji nguvu za jioni, anahitaji mwili tulivu, na anawahi kazini bila kukutana na msongamano mkubwa mbali na nyumbani. Jumatano apumzike. Alhamisi vipande vya kasi: hapa ndipo joto la mwili la jioni lina thamani, lakini jua linazama saa 12:45 hivi na saa 11 magari yamejaa. Kama anaweza kuomba kutoka saa 10, aende Kisian kwenye upepo wa mbele, afanye vipande vitano vya dakika nne, arudi na upepo wa mgongoni. Kama hawezi, avifanye asubuhi Riat, akiwa amejipasha mwili dakika 25 kwenye tambarare. Mlima unasaidia asubuhi kwa sababu hauhitaji kasi kubwa wakati misuli bado mizito. Jumapili saa 12:30 asubuhi aende Maseno na Luanda, saa tatu hadi tatu na nusu.

Usifuatishe jioni ngumu na alfajiri ngumu. Kati ya kushuka kwenye baiskeli saa 12:30 jioni na kuipanda tena saa 12:30 asubuhi kuna saa kumi na mbili tu, na humo unatakiwa kula, kulala na kupona. Zoezi kali la jioni liishe walau saa mbili kabla ya kulala, maana moyo hukawia kutulia.

Kwa Waislamu wa Mumias na mijini, mwezi wa Ramadhani una saa yake nzuri: dakika 40 hadi 60 za mwendo mwepesi zinazoisha karibu na adhana ya magharibi, ili ukishuka kwenye baiskeli unafungua kwa maji na tende. Kazi ngumu ingoje baada ya kula, au ingoje Shawwal, mwezi unaofuata.

Hatua ya saba: chakula kifuate saa

Asubuhi mapema, akiba ya sukari kwenye ini imepungua kwa mfungo wa usiku, ingawa misuli bado ina yake kama ulikula ugali au viazi vitamu jioni. Safari nyepesi isiyozidi saa moja unaweza kwenda na maji tu. Ikizidi hapo, au ikiwa na kasi, kula ndizi mbivu moja au mbili na kikombe cha uji mwepesi nusu saa kabla. Njiani, safari ikivuka saa moja na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama gramu 25, kwa hiyo mbili kwa saa zinakufikisha.

Jioni tatizo ni chakula cha mchana. Maharagwe na ugali vya saa 7 bado viko tumboni saa 10. Kula mlo wako mkubwa zaidi ya saa tatu kabla ya kutoka, na kama kazi haikuruhusu, gawanya: nusu mchana, nusu baada ya mazoezi. Chai na kahawa huamsha mwili asubuhi, lakini nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, basi kikombe cha saa 11 jioni kitakunyima usingizi uliouhesabu katika hatua ya kwanza.

Maji: jipime uzito kabla na baada, ukiwa umejikausha. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho ambalo hukulirudisha. Kisumu saa 4 asubuhi utashangaa jinsi namba hiyo inavyozidi ile ya saa 1. Tia chumvi kidogo kwenye chupa ya safari ndefu.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kuamua

Chagua mlima mmoja unaochukua dakika nane hadi kumi na mbili. Mlima ni kipimo bora kuliko tambarare, kwa sababu mwendo ni mdogo na upepo hauharibu hesabu sana. Kwa wiki nne, upande mara moja kwa wiki asubuhi na mara moja jioni, kwa mapigo ya moyo yale yale kama una kifaa, au kwa juhudi ile ile kama huna: pumzi nzito lakini unaweza kusema maneno mawili matatu. Andika muda, saa ulizolala, joto, na jinsi miguu ilivyohisi kwa alama za 1 hadi 10. Mwisho wa wiki nne angalia wastani, na usihukumu kwa siku moja nzuri.

Halafu angalia safu nyingine kwenye daftari hilo, ambayo naiona ina uzito zaidi: ni mara ngapi ulipanga kutoka na hukutoka? Kama jioni ulikuwa na kasi zaidi kidogo lakini mvua, mikutano na wageni vilikunyima nusu ya siku, asubuhi imeshinda, na imeshinda kwa mbali.

Hatua ya tisa: hamia saa ya mashindano

Hatua za mbio kubwa za Ulaya kama Tour de France huisha kama saa 11 jioni kwa saa za huko, mwili ukiwa kwenye kilele. Za kwetu mara nyingi huanza asubuhi. Jua saa ya kuanza, na wiki mbili au tatu kabla, hamishia mazoezi makali saa hiyo hiyo, pamoja na kifungua kinywa chake.

Na ukumbuke kwamba mashindano marefu huvuka saa za joto hata yakianza mapema. Mwezi Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabara kwa mara ya kwanza barani Afrika, mbio za wanaume zilianza asubuhi na kuisha alasiri, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Vilima na umbali vilifanya kazi yake, na jua likaongeza. Anayetoka Eldoret, kwenye mita 2,100 na hewa baridi, akija kushindana Kisumu atapata oksijeni zaidi lakini pia nyuzi sita au saba za joto asizozizoea. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto: damu huongezeka majimaji, jasho huanza mapema, chumvi hupotea kidogo. Kama huwezi kuhamia chini kwa muda huo, fanya mazoezi mepesi ya saa moja hadi moja na nusu mchana, saa 6 hadi 8, ukiwa na maji ya kutosha na mtu anayejua uko barabara gani. Acha mara moja ukihisi kizunguzungu, baridi ya ghafla juani, au jasho likikauka ghafla.

Siku tatu za mwisho usibadilishe chochote: saa ya kulala, saa ya kuamka, saa ya uji. Ukifika mji wa mashindano, toka jioni kwa nusu saa nyepesi ukague njia, kisha asubuhi ya kesho yake pita tena saa ile ile mtakayoanza, uone jua linatokea wapi, kivuli kiko upande gani wa barabara, na lami inabaki na umande hadi saa ngapi.